Gemu za Urubani wa Kivita: Ugumu Upi Unanogesha, Upi Unakera

Ingia banda lolote la gemu Chikongola au Magomeni, hapa Mtwara mjini, saa za jioni. Kinachochezwa ni mpira. Mechi haichukui muda, aliyefungwa anampisha mwenzake, mwenye banda anakusanya hela yake. Sasa mpe kijana aliyezoea hivyo gemu ya kurusha ndege ya kivita, tuseme IL-2 Sturmovik iliyotoka mwaka 2001. Anapaa vizuri. Anamwona adui, anavuta pua ya ndege kwa nguvu zote ili amfuate, ndege inatikisika, bawa moja linalala, inaanza kujizungusha kuelekea chini, na habari yake imekwisha kabla hajafyatua risasi hata moja. "Njomba, hii gemu mbovu," anasema, na pedi anairudisha mezani.

Mwenzake anakaa kwenye kiti hichohicho, anaanguka vilevile, anacheka, anarudia. Anaanguka tena. Mpaka banda linafungwa bado yupo.

Watu huwa wanasema huyu ana moyo na yule hana. Maelezo hayo siyaamini sana. Muulize wa kwanza kwa nini ndege ilianguka, atakwambia "sijui, imeanguka tu." Wa pili atakwambia "nilivuta sana." Huyo wa pili tayari ana kitu cha kujaribu akirudia. Ninavyoona mimi, gemu ya urubani inaweza kuwa ngumu kiasi chochote na bado ikanoga, ili mradi ukishindwa ujue umeshindwa kwa nini. Usipojua, hata ikiwa nyepesi inachosha.

Gemu ninazozisema ni za zamani, za kati ya mwaka 1984 na miaka ya mwanzo ya 2000. Zipo za ndege zenyewe, kama Red Baron (1990), Falcon 4.0 (1998) na hiyo IL-2. Zipo na za vyombo vya anga za juu: Elite (1984), Wing Commander (1990), X-Wing (1993), TIE Fighter (1994), FreeSpace 2 (1999). Ukongwe wake una faida kwetu, kwa sababu laptop ya mtumba isiyofungua gemu yoyote ya leo inazimudu nyingi kati ya hizi bila taabu. Lakini umri huohuo ndio unaoleta usumbufu wa kwanza, na usumbufu huo watu huubebesha gemu yenyewe bila haki.

Ugumu usio wa gemu

Gemu hizi zilitengenezwa zichezwe kwa joystiki, kijiti cha kuongozea ambacho ukikiinamisha kidogo ndege inapinda kidogo, ukikiinamisha sana inapinda sana. Kuikuta dukani Mtwara ni bahati. Wengi wetu tunatumia kibodi, au pedi ya Pleistesheni iliyochomekwa kwa waya. Kitufe cha kibodi hakijui "kidogo". Ama umekibonyeza au hujakibonyeza. Ukikandamiza mshale wa kuinua pua, ndege inapokea amri ya kuvuta mpaka mwisho, na amri hiyo ndiyo inayoiangusha. Mzoefu wa kibodi hakandamizi, anadonoa: gusa, acha, gusa, acha, huku akisubiri ndege ijibu.

Pedi ni afadhali, ila iliyochezewa mpira kwa muda mrefu kijiti chake hakirudi katikati sawasawa. Kwenye mpira hutaona tofauti. Kwenye ndege, mashine inalala kushoto muda wote na wewe unadhani ni upepo. Dawa yake ipo kwenye mipangilio ya vidhibiti: kuna kipimo cha eneo la katikati ambalo kijiti kikicheza-cheza hakihesabiwi. Kiongeze kidogo, ndege itatulia.

Wing Commander ina kituko chake. Mwendo wa gemu ile ulitegemea kasi ya prosesa ya enzi hizo. Ukiifungua kwenye mashine yenye nguvu zaidi bila kuidhibiti, vyombo vya adui vinapita mbele yako kwa mwendo ambao hakuna binadamu wa kuufuata. Mtu akiikuta katika hali hiyo anaapa kwamba wazee wa zamani walikuwa na macho ya mwewe. Kumbe dawa ni programu ya bure iitwayo DOSBox, inayoigiza kompyuta ya zamani. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza F11 inapunguza kasi, Ctrl na F12 inaongeza. Unashusha hatua kwa hatua mpaka vyombo viende mwendo unaoeleweka.

Halafu kuna kitabu. Gemu hizi ziliuzwa ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelezo, na waliozitengeneza walichukulia kwamba mchezaji amekisoma. Kitabu cha Falcon 4.0 kilikuwa na kurasa kama 600, kimefungwa ndani ya faili la pete kabisa. Baadhi ya gemu zilikuuliza neno kutoka ukurasa fulani kabla hazijakuruhusu kuanza, ili kuwabana wenye nakala za wizi. Huku kwetu gemu ilifika kwenye flashi, faili tupu, ikitoka kwa rafiki aliyeitoa kwa rafiki. Tukaanza kucheza nusu ya gemu, ile nusu nyingine imebaki kwenye boksi Marekani. Ongeza na Kiingereza cha redioni, ambapo mwenzako wa kikosi anakutahadharisha kwa sekunde mbili kwamba walipuaji wanakuja upande wa pili, na hujaelewa ndiyo maana umeshindwa misheni. Anayenunua nakala halali mtandaoni siku hizi mara nyingi anapata kitabu kama faili la PDF. Kisome, hata kwa kuruka kurasa. Sehemu ya vitufe peke yake inaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Sitaingia sana kwenye suala la umeme, kila mtu wa kusini analijua. Niseme tu kwamba gemu nyingi za aina hii hazikuruhusu kuhifadhi ulipofikia katikati ya misheni. Kama betri ya laptop imekufa, usianze misheni ya nusu saa mtaa ukiwa na dalili za kukatika.

Mwinuko ni akiba

Tukiyaondoa hayo, ndipo tunaufikia ugumu halisi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu utamu wote uko hapa.

Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa inalipita na kusukumwa chini. Ukivuta pua, pembe kati ya bawa na hewa inayokuja inaongezeka, na bawa linabeba zaidi. Lakini kuna kikomo, kwa mabawa mengi ya kawaida ni karibu nyuzi 15 hivi. Ukikipita, hewa inabanduka juu ya bawa na ubebaji unaporomoka ghafla. Wengi hudhani ndege huanguka kwa sababu ya kwenda polepole. Polepole kunachangia, kwa kuwa ndege isiyo na mwendo inahitaji pembe kubwa ili ijibebe, ila hata iliyo kasi inaanguka ukiivuta kupita kiasi. Yule kijana wa bandani alikuwa na mwendo wa kutosha kabisa.

IL-2 inakupa taarifa kabla ya ajali: ndege inatetemeka. Asiyejua huvuta zaidi, akidhani mashine inasita. Anayejua analegeza mkono, kidogo tu, mtetemo unakoma, na ndege inapinda kwa ukali wote inaoweza bila kuanguka. Kuishikilia kwenye ukingo ule, unatetemeka na kulegeza, unatetemeka na kulegeza, huku adui anaanza kuingia taratibu kwenye kioo chako, ndiyo raha ambayo gemu ya mpira haina.

Jambo la pili ni nishati. Mtu wa Newala atalielewa upesi. Aliyesimama na baiskeli juu ya ukingo wa Shimo la Mungu ana mwendo ambao bado hajautumia. Aliye chini bondeni, upande wa Ruvuma, akiutaka mwendo huo lazima kwanza apande kwa jasho. Ndege nazo hivyohivyo: mwinuko unageuzwa kuwa kasi kwa kushuka, kasi inageuzwa kuwa mwinuko kwa kupanda, na kila kona kali unayokata inakula akiba hiyo. Rubani wa Marekani John Boyd, akisaidiana na mwanahisabati Thomas Christie, aliyaweka haya katika milinganyo miaka ya 1960, ikawa njia ya kulinganisha ndege moja na nyingine. Ila marubani wa vita vya kwanza vya dunia walikwisha kuijua kanuni yenyewe kwa kuponea chupuchupu: njoo kutoka juu, ikiwezekana jua likiwa mgongoni.

Anayeanza hufanya kinyume. Anamfuata adui kwenye duara, wote wanakata kona, wote wanapungua mwendo na kushuka, mpaka mmoja hana tena cha kutumia. Mara nyingi ni yeye. Anasema kompyuta inaiba. Haijaiba, ilikuwa mita elfu moja juu yake tangu mwanzo na hakuiangalia.

Kutokana na hapo unaanza kuelewa kwa nini kila ndege inataka akili yake. Mwaka 1940 Spitfire ya Uingereza ilikata kona finyu kuliko Bf 109 ya Ujerumani. Lakini injini ya Spitfire, Merlin, ilitumia kabureta, na rubani akisukuma pua chini kwa ghafla mafuta yalipanda juu ya kabureta na injini ikakata kwa muda. Ya Ujerumani ilipuliziwa mafuta moja kwa moja, haikujali. Kwa hiyo Mjerumani aliyebanwa alisukuma pua chini akaondoka, na Mwingereza akalazimika kwanza kuipindua ndege matumbo juu ndipo avute kumfuata. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling alipunguza tatizo kwa kijisahani cha chuma chenye tundu, kilichozuia mafuta yasifurike.

Gemu inayoigiza jambo hilo itakuzimia injini katikati ya vita. Kwa asiyejua, hiyo ni hitilafu ya gemu. Kwa anayejua, ni sababu ya kuipindua ndege kwanza, na akifanikiwa kwa mara ya kwanza kumshika Bf 109 anayekimbia kwa mtindo huo, atakusimulia jioni nzima.

Kulenga nako ni hesabu. Chukulia risasi inakwenda mita 800 kwa sekunde, na adui anakatiza mbele yako mita 400 kutoka ulipo, kwa mwendo wa mita 150 kwa sekunde, ambao ni kilomita 540 kwa saa. Risasi inahitaji nusu sekunde kufika. Katika nusu sekunde hiyo adui amesogea mita 75. Bf 109 ina urefu wa karibu mita 9, kwa hiyo unatakiwa kupiga hewa tupu, ndege nane mbele yake. Nani ataweza hilo kwa kudonoa kibodi? Lakini sogea mpaka mita 100: risasi inafika kwa moja ya nane ya sekunde, adui anakuwa amesogea mita 19 tu, ndege mbili. Erich Hartmann, Mjerumani aliyehesabiwa ushindi 352, idadi kubwa kuliko rubani yeyote katika historia, alijulikana kwa kusubiri mpaka adui ajaze kioo cha mbele. Spitfire ya 1940 ilikuwa na risasi za kufyatua kwa sekunde kama 15 tu, basi. Ukiwasha kanuni ya risasi zenye kikomo kwenye gemu unabanwa kufanya alivyofanya Hartmann, na jambo la ajabu ni kwamba unaanza kulenga vizuri zaidi kuliko ulipokuwa na risasi zisizoisha.

Mlango unaozunguka

Ukiniuliza ni ugumu gani uliotungwa vizuri kuliko wote katika familia nzima ya gemu hizi, nitakutajia jambo lisilo na adui hata mmoja. Lipo kwenye Elite.

Elite iliandikwa na David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge, kwa ajili ya kompyuta iitwayo BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya WhatsApp ya leo haienei humo. Ndani yake waliweka makundi 8 ya nyota, kila moja lenye sayari 256, biashara ya kununua huku na kuuza kule, maharamia na polisi. Unaanza na chombo chako na pesa 100. Ukitoka kwenye kituo cha angani, furaha tupu. Tatizo ni kurudi.

Kituo kinazunguka muda wote, na mlango wake ni upenyo mwembamba uliolala upande unaotazama sayari. Kwanza unakizunguka kituo mpaka uwe kati yake na sayari. Unageuka. Chombo cha gemu ile hakina namna ya kugeuza pua kushoto au kulia moja kwa moja: unakilaza ubavu kisha unavuta, unakilaza tena, unavuta, mpaka kituo kikae katikati ya skrini. Sasa upenyo unauona, mstatili mdogo unaojizungusha. Unapunguza mwendo. Unaanza kukizungusha chombo chako nacho, kwa kasi ileile, mpaka mstatili uonekane umesimama na nyota za nyuma ndizo zinazozunguka. Unasogea. Ukiwa umepishana na katikati kwa kiasi kidogo, ukingo wa mlango unakupata, chombo kinalipuka, na mzigo wote ulionunua safari ile umekwenda, kwa sababu kuhifadhi kunafanyika ukiwa ndani ya kituo tu.

Dogo mmoja nilimwona akihangaika na hapo. Kila akikaribia mlango alikuwa anaongeza mwendo. Mkono wake ulikuwa unakimbilia kumaliza. Hakuna aliyemwambia kitu. Baada ya kulipuka mara nyingi aliacha kabisa kugusa kitufe cha mwendo mita za mwisho, akawa anasahihisha mzunguko tu, akaingia. Aliinua mikono juu. Watu wa mpira wakageuka kumtazama, wakidhani kuna goli.

Kwa nini ugumu huu unanoga? Kila kitu kiko mbele ya macho. Hakuna bahati, hakuna anayekuvizia, na kila kosa linaonekana lilipotokea: hukuwa katikati, au mzunguko haukulingana, au uliharakisha. Halafu waandishi wakafanya ujanja mmoja wa kibiashara. Kifaa cha kutia chombo ndani chenyewe kinauzwa kwa bei ya mara kumi au zaidi ya mtaji ulioanza nao. Kwa hiyo lazima uingie kwa mkono safari nyingi kabla hujaweza kukinunua. Siku unapopata hela ya kukinunua, hukihitaji tena. Wengine wanakinunua hivyohivyo, kwa heshima.

Sitaki kuisifu Elite kupita kiasi. Ngazi yake ya juu kabisa ya urubani inataka uangushe vyombo 6,400, na huo si ugumu, ni kazi ya shamba.

Kufeli kuna bei

X-Wing ya mwaka 1993 iliongozwa na Lawrence Holland, ambaye kabla ya hapo alitengeneza gemu tatu za ndege za vita vya pili vya dunia, ya kwanza ikiwa Battlehawks 1942 mwaka 1988. Uzoefu huo unaonekana. Rubani anagawa nguvu ya injini: ukiongeza ya kuchaji silaha au ngao, mwendo unapungua, ngao yenyewe unaweza kuielekeza mbele au nyuma. Kila sekunde ni maamuzi, na maamuzi hayo yanaeleweka. Hapo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye misheni zake. Unapewa msafara wa meli kuulinda, unapigana vizuri, kumbe baada ya dakika kadhaa walipuaji wanatokea upande ambao hukuwa na namna ya kuujua, meli inalipuka, misheni imefeli, na misheni inayofuata haifunguki mpaka hii uimalize. Unarudia. Safari hii umekwisha kujua watokeapo, unawasubiri, unawamaliza. Umejifunza nini? Ratiba. Mkono wako haujawa mkono bora kuliko jana. Mashabiki wakongwe wanaipenda hivyohivyo na sitaki kugombana nao, lakini mimi nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, umeshindwa kwa nini, naona jibu baya: ulishindwa kwa sababu hukuwa umeshindwa kabla.

Holland na wenzake bila shaka waliyasikia malalamiko, maana mwaka uliofuata walitoa TIE Fighter, na mpangilio ukawa mwingine. Chombo unachoanza nacho ni dhaifu zaidi. Hakina ngao, kina bunduki mbili, na makombora machache ya adui yanatosha kukumaliza. Kwa karatasi, ni gemu ngumu zaidi. Ukiicheza, inanyooka kuliko X-Wing. Kuna ngazi tatu za ugumu, na kila misheni ina lengo kuu ambalo ukilitimiza unaendelea mbele, kisha malengo ya pili, kisha ya ziada kwa anayeyataka. Anayeanza na mzoefu wanaruka misheni moja, mmoja anashukuru kurudi hai na mwingine ameshinda lakini hajalala kwa sababu kuna chombo kimoja hakukikagua.

Wing Commander ilijaribu njia tofauti kabisa: ukifeli, huambiwi urudie. Vita vinaendelea, ila vinakwenda vibaya, na unapelekwa kwenye mfululizo wa misheni za upande unaoshindwa. Mwenzako wa kikosi akifa, amekufa; hutamwona tena kwenye baa ya marubani. Wazo zuri sana hilo. Kilichoharibu ni wachezaji wenyewe, waliokuwa wanafungua faili la jana kila wakipoteza, hivyo sehemu kubwa ya hadithi ya kushindwa wengi hawajawahi kuiona.

FreeSpace nayo ina jambo ambalo wakereketwa hulicheka na mimi nalisifu. Ukifeli misheni moja mara tano, inakuuliza kama ungependa kuiruka na kuendelea. Basi. Hakuna kejeli. Kwa mtu mwenye saa moja ya kucheza baada ya kazi na mtaa wenye umeme wa mashaka, swali hilo ndilo linaloamua kama gemu itaisha au itafutwa kupisha nafasi. Kwa upande mwingine, ngazi zake tano za ugumu, ya mwisho ikiitwa ya kichaa, zinafanya kazi kwa njia ya mkato: adui anapiga kwa usahihi zaidi, na wewe unaumia haraka zaidi. Inasisimua kwa muda. Lakini ukiangushwa huna jipya la kujiambia zaidi ya kwamba uko ngazi ya juu.

Kuna wanaoamini kwamba kadiri gemu inavyofuata uhalisia ndivyo inavyokuwa ngumu na ndivyo inavyopendeza kwa mabingwa. Gemu za anga za juu zinalikataa hilo. Huko juu hakuna hewa, kwa hiyo chombo ukikizima injini kinaendelea kwenda hivyohivyo, na kupinda ni shughuli. X-Wing na Wing Commander hazikujali. Vyombo vyake vinapinda na kupungua mwendo utadhani viko juu ya Bahari ya Hindi. Frontier, mwendelezo wa Elite uliotoka mwaka 1993, ilifuata fizikia yenyewe, matokeo yake vita vingi vikawa vyombo viwili vinapishana kwa mwendo wa kutisha, vinageuka, vinapishana tena. Ilikuwa sahihi. Haikuwa tamu. Independence War ya 1997 ilitumia fizikia ileile ikanoga zaidi, kwa kuwa chombo, silaha na misheni vyote vilipangwa kuzunguka fizikia hiyo.

Angalia swichi, usiangalie ngazi

Kwa anayetaka kuanza leo, hapa ndipo pa kusoma kwa makini. Gemu za ndege za enzi hizo, tofauti na nyingi za sasa, hazikukupa tu "rahisi, wastani, ngumu". Zilikupa orodha ya swichi. Red Baron ya 1990, ya vita vya kwanza vya dunia, ilikuruhusu kuwasha au kuzima kila kimoja peke yake: bunduki kukwama, risasi kuisha, mafuta kuisha, ndege kugongana. (Chombo kimoja cha angani cha vita vile nusura kifike kwetu kweli. Novemba 1917 puto kubwa la Zeppelin, L 59, lilitoka Bulgaria na mizigo ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ambalo siku hizo lilikuwa linarudi nyuma kupitia Newala kuelekea Ruvuma. Lilifika juu ya Sudan likaitwa lirudi.) IL-2 ina orodha ndefu zaidi: nguvu ya pangaboi kuivuta ndege pembeni, ndege kuanguka ikivutwa kupita kiasi, injini kuchemka, rubani kuona giza kwenye kona kali, majina ya ndege kuonekana au kutoonekana angani.

Kosa la wengi ni kuzima zote wakachoka baada ya siku tatu, au kuwasha zote kwa sifa wakaacha siku ya kwanza. Zina mpangilio wake. Mimi huwa namshauri mtu awashe kwanza ile ya ndege kuanguka, kabla ya kitu chochote. Bila hiyo mkono wako unajifunza uongo, na uongo huo kuufuta baadaye ni kazi. Majina ya ndege yabaki yanaonekana. Kumtofautisha adui na rafiki kwenye skrini ya laptop ya inchi 14 ni mateso yasiyofundisha lolote, rubani wa kweli hakuwa anatazama dunia kupitia dirisha dogo namna hiyo. Risasi zenye kikomo ziwashe mapema, kwa sababu niliyoieleza. Mafuta yasubiri, mpaka uwe unafika mbali kiasi cha kuyahitaji. Bf 109 za mwaka 1940 zilikuwa na kama dakika 10 tu za kupigana juu ya London kabla ya kulazimika kurudi, na ukilijua hilo swichi ya mafuta inageuka kuwa hadithi nzima ya vita vile.

Nguvu ya pangaboi inamsumbua sana mwenye kibodi, kwani kuisahihisha kunataka miguu, na sisi hatuna vikanyagio. Iache imezimwa bila aibu yoyote. Mwenye pedi anaweza kuiwasha akiweka usukani wa mkia kwenye kijiti cha pili.

Falcon 4.0 iache kwanza. Ni gemu kubwa, vita vya rasi ya Korea vinaendelea vyenyewe ndani yake uwepo usiwepo, na kuna watu wanaoiboresha mpaka leo kwa jina la Falcon BMS. Lakini kuiwasha tu ndege yake, F-16, kutoka ikiwa imezimwa kabisa ni orodha ndefu ya hatua. Inafaa kwa mtu ambaye tayari anajua kwa nini alianguka jana na juzi. Wa leo aanze na IL-2, misheni ya mafunzo, ndege moja, asubuhi kweupe, mwinuko wa mita 2,000, na kazi ya kwanza isiwe kumpiga mtu. Avute pua mpaka ndege itetemeke, alegeze. Avute tena mpaka ianguke kabisa, kwa makusudi, kisha aachie kijiti, apunguze moto wa injini, asubiri ndege ipate mwendo, ainue pua taratibu. Mita 2,000 zinatosha kufanya hivyo na kukosea pia.